Uje Ukimaliza Mwezi

Nianze na lile ambalo wengi watalitafuta kwenye ukurasa wa mwisho: ninapoandika haya, sina mtoto. Kama unasoma ukitegemea kuniona nimembeba mtu mgongoni mwisho wa habari, naomba radhi mapema. Nimeandika kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa akapigwe picha ya mirija ya uzazi, ambaye sasa hivi amekaa jikoni anajifanya anapika na sufuria haina kitu. Mimi nilikuwa huyo. Nilipotafuta mtu wa kunieleza kinachofanyika kwenye kile chumba, niliwapata wa kunitisha tu, tena bila kuwatafuta sana.

Naitwa Roza. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na ninaishi Ipuli hapa Tabora na mume wangu Elia, anayechomelea mageti na madirisha. Nimezaliwa Usoke, kwa Wakatoliki wa kando ya reli, nikaolewa kwa Wamoraviani wa Ipole, watu wa nyuki na tumbaku. Tulikaa miaka mitano bila mimba. Mwanzoni watu waliuliza. Baadaye wakaacha kuuliza, na hapo nikajua kwamba sasa wanazungumza.

Baba yake Elia alishafariki, kwa hiyo anayesimama mahali pake ni baba mkubwa, kaka wa marehemu. Mwaka huo baba mkubwa alisema ukoo utakaa kikao baada ya masoko ya tumbaku, watu wakishauza na kutulia. Hakusema watajadili nini na hakuna aliyemuuliza. Kanisa halimruhusu Elia kuoa mke wa pili, lakini kule Ipole wapo watoto kadhaa waliopatikana nje ya ndoa za kanisani, na kila mtu anawajua baba zao kwa majina. Kikao kilikuwa cha kumtafutia Elia mtoto, mimi nikiwa bado ndani ya nyumba au nikiwa nimerudi kwetu.

Daktari alitaka Elia apimwe kwanza. Dada zangu, msikubali kupimwa peke yenu miaka nenda rudi wakati wenzenu wanaulizia tu majibu. Elia alikubali, ingawa alitoka maabara amenuna siku nzima kama mtu aliyeibiwa. Majibu yake yakaja mazuri. Nilimpongeza, nikamwekea chakula, kisha nikaenda uani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili tu. Kama tatizo halikuwa kwake, lilikuwa kwangu.

Mama mkwe alipopata habari kwamba nitapelekwa kwenye picha, alipanda gari kutoka Ipole bila kuitwa, na dumu la asali na mfuko wa magome ya miti. Magome aliyaweka juu ya kabati. Alisema hayo ni ya baadaye, hospitali ikishindwa. Nilikuwa namwogopa sana mama yule. Ni mrefu, mkavu, maneno yake machache. Anaweza kushinda nawe kutwa nzima akichambua mboga, ukabaki kujiuliza umekosea wapi. Hakuwahi kunitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana, maana mtu asiyetukana huna pa kumjibia.

Alisisitiza kunisindikiza hospitali kuchukua maelekezo. Tulisimama dirishani kwa nesi, nyuma yetu foleni inasukuma, mtoto wa mtu analia. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mwenye adabu, mwenye haraka. Aliandika jina langu, akaniambia nije nikimaliza mwezi, nije asubuhi, nimekula kidogo, na kanga mbili na pedi. Kisha akashusha sauti akasema siku hizo nisikutane na baba, yaani mume wangu. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Mama naye akaitikia. Tukaondoka tumeelewa.

Tulielewa vibaya. Kwetu Usoke mwanamke akiwa katika hali yake tunasema yuko kwenye siku zake. Kwa kina Elia wanalisema kwa Kinyamwezi, na mbele ya mwanamume hawalisemi kabisa. Neno mwezi nilikuwa nimelisikia kwa maana hiyo, lakini kwa mbali, kwa wale wazee wa mjini wenye Kiswahili cha taratibu. Halikunijia pale dirishani. Mimi nilisikia mwezi wa kwenye kalenda, ule unaoisha tarehe thelathini, na wala sikushangaa. Mambo mengi ya mjini hufanywa mwisho wa mwezi, nikaona na hili limo. Kwa hiyo nikarudi nyumbani, siku zangu zikaja zikapita, nami nikawa nangoja tarehe.

Lile sharti la kutokukutana, Mama alilisimamia yeye. Kule Ipole mwanamume anapoingia porini kambi ya asali, yeye na mkewe wana miiko yao, hata wakiwa mbalimbali. Mtu akivunja, wanasema nyuki humjua. Mama alilichukua neno la nesi vivyo hivyo. Zilipobaki siku chache mwezi uishe, alibeba mto wake akahamia kitandani kwetu, Elia akapelekwa sebuleni na mkeka. Elia alinitazama kwa jicho la kuomba msaada. Sikuwa na msaada wowote. Nililala kwenye ukingo wa kitanda changu mwenyewe, nimejibana ukutani nisimguse mama mkwe.

Siku zile ndipo nilipotishwa hasa. Msusi wangu alisema shangazi yake alipigwa picha hiyo akazimia, akaamkia wodini. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akasema mionzi inakausha mayai, ndiyo maana waliopigwa hawazai tena. Mwingine, ambaye hajazaa wala hajapimwa chochote, alieleza kwamba wanapitisha waya kutoka chini mpaka kifuani, na ukikohoa umekwisha. Nilicheka pamoja nao. Nikarudi kwenye cherehani nikashona mikono ya shati la shule imegeuzwa, ndani nje, nikafumua, nikashona tena vilevile. Chakula kikawa hakishuki.

Nitasema wazi nilichokuwa nakiogopa. Maumivu niliyaogopa, ndiyo. Kulala miguu wazi mbele ya mwanamume nisiyemjua, nako nilikuogopa. Ila kilichonikosesha pumzi ni kwamba baada ya picha ile kungekuwa na jibu. Kwa miaka mitano nilikuwa na kesho. Daktari akisema mirija yote miwili imeziba, kesho hiyo ingekwisha, na baba mkubwa angeitisha kikao chake jioni ileile.

Tarehe ilipofika tukaenda, mimi na Mama. Kwenye benchi nilikaa na dada mmoja wa Ulyankulu, Spesioza, aliyekuja kwa kipimo kilekile. Yeye alikuwa mchangamfu, anakula karanga. Alipoitwa alinikabidhi karanga zake nimshikie. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka vikanichanganya. Alipotoka uso ulikuwa umepauka kidogo, lakini alikuwa anatembea kwa miguu yake, nami nilikuwa nimejiandaa kumwona akitolewa kwenye machela. Alichukua karanga zake akaniambia, "Inauma kama siku zako mbaya kuliko zote, halafu inaisha. Usibane. Ukibana unajiumiza." Maneno hayo yalinifaa kuliko yote niliyoyasikia saluni, nami nakupa wewe kama nilivyopewa.

Kisha nikaitwa mimi. Nesi yuleyule wa dirishani aliniuliza siku zangu zilianza lini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Mbona umekuja leo, mama? Sasa hivi uko karibu kuziona nyingine."

"Ulisema nije nikimaliza mwezi."

Alinitazama, akamtazama Mama aliyesimama nyuma yangu na kanga mbili mkononi, akajifunika uso kwa kiganja. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru. Akatueleza polepole kwamba mwezi aliousema ni huo wa mwilini. Kwamba picha hupigwa damu ikishakauka tu, kabla yai halijatoka. Na kwamba kutokukutana huanza tangu damu inapoanza mpaka kipimo kiishe. Akauliza kama kati hapo tulikutana na baba. Nilisema ndiyo, ila hizi siku za mwisho hapana, Mama alihakikisha. Mama akaangalia pembeni.

"Basi hatuwezi," nesi akasema. "Hatumpigi picha mwanamke ambaye huenda ana mimba."

Nilipimwa mkojo, hakikuonekana kitu, lakini akasema kama ni changa sana kipimo hakiwezi kuiona. Nirudi nyumbani nisubiri. Nikiona damu, ikikauka, nije haraka. Nisipoiona, nije pia.

Jamani, huenda ana mimba. Kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yangu, na yule alisema kwa sababu ya utaratibu wa kazi tu, kama angemwambia mwanamke yeyote wa umri wangu. Mimi nalijua hilo. Lakini neno likishaingia masikioni huwezi kulitoa. Njiani kurudi Ipuli, Mama alininyang'anya mfuko wa kanga akaubeba yeye. Ulikuwa mfuko mwepesi kabisa.

Hapo ndipo palipoanza kipindi kibaya kuliko vyote, na sikukitegemea. Kilikuwa kile cha joto kabla ya mvua, miombo inachipua majani mekundu, vumbi bado limejaa kila mahali. Mama alikataza nisichote maji. Alikataza nisipige pasi. Kila asubuhi alinipa maziwa na kijiko cha asali, akasimama mpaka nimalize. Akaanza kuzungumza, yeye ambaye hazungumzi: habari za Elia alivyokuwa mdogo, alivyoumwa surua, alivyopotea siku moja porini akakutwa amelala chini ya mzinga. Ningefurahi kusikia hayo wakati mwingine wowote. Wakati ule alikuwa anamsimulia mtu ambaye huenda hayupo tumboni.

Matiti yaliniuma. Lakini yalikuwa yanauma kila mwezi. Nilisikia kichefuchefu. Lakini nilikuwa nakunywa maziwa kwa kulazimishwa. Kila nilipoingia chooni niliogopa kutazama, na nilipotoka niliogopa kwamba sikutazama vizuri. Nilikuwa naiogopa damu ikija, kwa kuwa ningepelekwa kwenye chumba kile. Nilikuwa naiogopa isipokuja, kwa kuwa ningeamini, na nikiamini halafu ikaja baadaye, sikujua ningeamkaje. Elia naye akaharibika kabisa. Alimnong'oneza fundi mwenzake, na jioni akaja na mbao nzuri za mninga, za urefu wa kitanda cha mtoto, akaziegemeza uani, akasema ni za kazi ya mteja. Hakuna mteja aliyekuja kuziulizia.

Ilikuja Jumapili, kanisani, katikati ya wimbo. Niliijua kabla sijaondoka kwenye kiti. Niliimba mpaka mwisho wa ubeti kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

Mama alikuwa hakwenda ibada siku hiyo, goti lilimsumbua. Nilimkuta uani anachagua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimejitungia sentensi nzima njiani lakini iliyotoka ilikuwa fupi.

"Mama, nimeingia mwezini."

Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Kisha vikaendelea, akatupa jiwe, akatupa jingine. Sikuthubutu kukaa wala kuondoka. Hatimaye akasema, bila kuinua uso, "Basi hesabu vizuri safari hii." Akainuka na goti lake bovu, akaenda kwenye kamba akaanza kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi, akaziweka begani, akazianika tena moja moja. Mimi niliingia ndani nikalia nikiwa nimeuma mto, mto wake.

Elia ndiye aliyetaka kuacha. Alisema tusiende tena, tumwachie Mungu. Nilimjua mume wangu, nikajua si imani iliyomfanya aseme hivyo. Alikuwa anaogopa kupewa jibu ambalo angelazimika kulipeleka Ipole, maana baba mkubwa alikuwa amekisogeza kikao akingoja picha hiyo, na kila siku mbili alipiga simu kuulizia. Bila picha, Elia angeendelea kusema bado tunashughulikia. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka. Nilimwambia kwamba mwili utakaolala pale kitandani ni wangu, na maumivu ni yangu, na kama yeye anaogopa kukaa kwenye benchi basi aseme hivyo bila kumtaja Mungu. Hatukusemezana siku mbili. Siku ya tatu damu ilikuwa imekauka, na asubuhi nilipotoka bafuni nilimkuta amevaa shati la kutokea, amekaa na mfuko wa kanga mapajani.

Tulikwenda watatu. Niliambiwa nimeze vidonge vya maumivu kabla ya kuingia. Vimeze, usijifanye shujaa. Niliambiwa nikojoe, nivue kila chenye chuma. Nilivua hereni, na medali ya Bikira Maria ambayo nimeivaa tangu Komunyo ya kwanza, nikamkabidhi Mama. Mama ni Mmoraviani wa damu, mambo ya medali hayajui. Aliifumbata kwenye kiganja chake.

Chumba kilikuwa cha baridi na mashine ilikuwa kubwa kuliko nilivyowaza. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi. Nesi wangu wa dirishani alikuwepo. Na alikuwepo mwanamume mmoja, mtaalamu wa mionzi, mwenye vazi zito kifuani, na nilipomwona nilianza kutetemeka, meno yakagongana kabisa, nikashindwa kupanda kitandani. Nesi alinishika kiwiko. Yule mwanamume alisoma jina langu kwenye karatasi akauliza kabila. Nikasema Mnyamwezi, wa Usoke.

"Mtani wangu kumbe," akasema. "Mimi Mgogo. Sasa babu zenu walibeba meno ya tembo mabegani kutoka hapa Tabora mpaka baharini kwa miguu. Wewe nakuomba upande kitanda tu, unatetemeka?"

Sijui ulimi ulitoka wapi. Nilimjibu kwamba babu zangu walipofika kwao Ugogo, walidaiwa hongo, ule ushuru wa njia, ndipo waruhusiwe kunywa maji. "Sema hongo yako nipite," nikamwambia.

Alicheka mpaka daktari akacheka. "Hongo yangu moja tu. Nikisema usisogee, usisogee." Nikapanda kitanda. Aligeukia mashine yake, akanipa mgongo mpaka nilipofunikwa kanga, nami nilijua amefanya makusudi.

Sitakudanganya kuhusu kilichofuata. Chuma cha kufungulia njia ya uzazi kilikuwa cha baridi. Kamrija kembamba kalipoingia, nilihisi mchomo. Kisha daktari akasema sasa anaweka dawa, ile inayoonekana kwenye picha, na tumbo la chini likajikunja kwa maumivu ambayo sijawahi kuyapata hata siku mbaya kuliko zote. Nilikumbuka maneno ya dada wa Ulyankulu. Nikalegeza miguu, nikafungua midomo nikapumua kwa sauti kama mbuzi. Nesi alinipa vidole vyake viwili nivikamate, na nadhani nilivifinya vibaya. Mtani alisema usisogee. Sikusogea. Mashine ililia, ikalia tena. Wakaniambia nigeuke ubavu kidogo. Ikalia.

Halafu ikanyamaza. Daktari na mtani walikuwa wanatazama kioo, mimi natazama nyuso zao. Hakuna kitu kirefu duniani kama uso wa daktari anayetazama picha yako. Nilianza kusali Salamu Maria nikasahau katikati, mimi niliyeijua kabla ya kujua kusoma.

"Mrija wa kulia dawa imesimama hapa," daktari akasema, akionyesha. "Umeziba. Wa kushoto imepita, imemwagika vizuri. Huu uko wazi."

"Mmoja unatosha?"

"Wengi wamezaa kwa mmoja. Siwezi kukuahidi. Ila njia ipo."

Nililala pale nikitazama dari. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, kuziba kote au kufunguka kote. Hili la katikati sikuwa nimelifikiria. Sikujua nilie upande gani. Nesi alinifuta, akanipa pedi, akanieleza kwamba nitatokwa na maji yanayonata na damu kidogo, kwamba maumivu yataisha jioni, na kwamba nikipata homa au harufu mbaya nirudi haraka. Mtani alinipa picha kwenye bahasha akasema safari njema, njiani hakuna hongo nyingine.

Elia na Mama walisimama waliponiona. Niliwaambia hapohapo kwenye korido, nimeegemea ukuta, kwa sababu nilijua nikikaa nisingeweza. Mmoja umeziba, mmoja uko wazi, daktari hakuahidi. Elia alichukua picha akaiinua kwenye dirisha, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Alikuwa haelewi anachokiona na alikuwa hataki kuishusha, kwa sababu akiishusha tungeona macho yake. Mama alinirudishia medali. Ilikuwa ya moto kwa kufumbatwa. Nikadhani najua anachokiwaza: magome juu ya kabati, kikao, msichana fulani wa Ipole ambaye tayari ana jina.

Simu yake ikaita. Alikuwa baba mkubwa. Mama masikio yake yameanza kuwa mazito, simu yake huipandisha sauti mpaka mwisho, kwa hiyo tulimsikia wote, hata waliokuwa benchi la pili. Hakusalimia vizuri. Aliuliza wamesema nini.

Mama akamwambia kama nilivyosema mimi: mmoja umeziba, mmoja uko wazi.

Tukamsikia akisema taratibu, kama mtu anayepima maneno, kwamba basi kwa hiyo ni nusu, na kwamba ukoo hauwezi kukaa kungojea nusu.

Nilishika ukuta. Elia alishusha picha.

Mama alinitazama. Kisha akageukia dirisha, akashika simu kwa mikono miwili karibu na mdomo.

"Shemeji," akasema, "mimi nina watoto sita. Wote sita, kuanzia Elia, nimewanyonyesha kwa ziwa moja. Hili lingine halikutoa hata tone tangu nazaliwa mpaka leo. Wewe uliwaona wanavyonenepa, ukawabeba, ukawasifu mbele za watu. Hukuniuliza hata siku moja hilo lingine lina nini."

Akasubiri. Akakata simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaniuliza kama naweza kutembea mpaka barabarani au Elia atangulie kutafuta bajaji. Nilimwambia nitatembea. Akanishika mkono, tukatoka taratibu.